Mwenye Nyumba Atakukaribisha Mwenyewe

Mama Funguo alikuwa hampendi wifi yake, na wala hakuficha. Wako watu wakichukiana hutafuta maneno laini ya kuzibia, wanasema tumepishana kidogo tu, tutaelewana. Yeye hapana. Ukimuuliza habari za wifi yake anakujibu, "Yupo, hajafa," kisha anaendelea na kazi. Na kazi alikuwa nayo. Alikuwa mtunzaji wa nyumba ya kupangisha wageni wa likizo pale kijijini, nyumba nyeupe yenye bwawa la kuogelea mbele na bahari hapo hapo nje ya ukuta. Nyumba ilikuwa ya kaka yake, mume wa wifi huyo. Funguo ndizo zilizokuwa zake, kishada kizima kiunoni, kinalia kila akipiga hatua, mpaka jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau.

Kiwanja kilikuwa cha mama yao. Zamani pale palikuwa na nyumba ya vyumba viwili na baraza, na barazani cherehani, na kwenye cherehani mama mwenyewe, miaka nenda rudi, anashona sare za watoto wa watu ili wa kwake nao wapate za kuvaa. Kaka mtu alisomeshwa na ile cherehani mpaka akawa injinia huko mjini. Alipotaka kubomoa na kujenga nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, akakaa chini miguuni pa mama yake, akamshika magoti. Alimwambia, Mama, nyuma nitakujengea chumba chako, na maadamu uko hai hakuna atakayekigusa. Mama akakubali. Karatasi ya nini, na huyu ni mwanawe?

Chumba kweli kilijengwa. Kilikuwa nyuma kabisa, kimebanwa kati ya ukuta na pampu ya maji, mlango wake unaangalia uchochoro. Dirisha lilikuwa moja na lilitazama matangi. Mama hakulalamika. Aliingiza kitanda chake, sanduku lake na cherehani, akasema panatosha, yeye si wa kucheza mpira humo.

Balaa lilianza wifi alipoichukua kazi ya kupangisha. Mama Funguo alimwita Bosi, si kwa heshima. Bosi alikaa mjini na simu yake, huko huko anapokea wageni wa mtandaoni, huko huko anatoa amri. Matandiko yapigwe pasi mpaka pembe zisimame. Maji ya bwawa yapimwe dawa asubuhi na jioni. Nywele moja isionekane kwenye sinki. Hayo Mama Funguo hakuyapinga, kazi ni kazi, na mikono yake ilikuwa na haya ya kufanya ovyo. Chumvi ya bahari ilikuwa inakula makufuli ya nyumba ile kama mchwa, na yeye kila wiki aliyapaka mafuta ya cherehani ya mama yake, moja baada ya jingine, mpaka ufunguo ukaingia bila kelele.

Ugomvi ulikuwa kwenye hilo neno faragha. Bosi aliliandika mtandaoni kwa herufi kubwa: faragha kamili, nyumba nzima ni yako, hutaona mtu. Sasa mtu yupo nyuma pale, utamfanyaje? Kwanza ikaja amri ya kuku, wanawika mapema, waondoke. Mama akawagawa. Ikaja ya kamba ya nguo, mgeni ameona shimizi ya bibi kizee kwenye picha yake ya machweo. Kamba ikahamia uchochoroni. Ikaja ya redio. Mama alikuwa mtu wa redio, anabishana na watangazaji kama vile wamo chumbani, akaizima. Ikaja amri kwamba wageni wakiwepo asikanyage mbele, na mbele ndiko alikozalia watoto wake wote wawili. Mwisho mgeni mmoja akalalamika kwamba asubuhi alisikia mtu anakohoa. Bosi akapiga simu, akamwagiza Mama Funguo amwambie mama ajitahidi kukoholea ndani ya mto.

Mama Funguo alimtolea uvivu siku hiyo. Alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, akakata simu, kisha akakumbuka kwamba mshahara wake ulitoka mkono ule ule. Alipomsimulia mama yake, mama alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa akauvuta mto. Mama Funguo aliona kile kitendo na hakukisamehe.

Walichokubaliana wote wawili ni kwamba kaka mtu hajui. Mama aliliamini hilo kwa moyo wote. Mwanawe hajui, angejua angekuja. Na kuja alikuwa haji, tangu bwawa lilipojazwa maji mara ya kwanza. Akipigiwa simu anapokea Bosi, anasema yuko kwenye kikao, yuko safarini, amelala. Lakini picha yake ilikuwepo mtandaoni, amevaa shati jeupe, meno yote nje, na chini yake pameandikwa: Mwenye nyumba atakukaribisha mwenyewe. Mama Funguo aliisoma kwa mama yake siku moja kama kichekesho. Mama hakucheka. Aliomba asomewe tena.

Kisha ikaja amri yenyewe. Msimu wa wageni ulikuwa unakaribia na Bosi alikuwa ameamua kile chumba cha nyuma kigeuzwe chumba cha kukandia wageni misuli, kipakwe rangi, kiwekwe mishumaa ya kunukia. Ijumaa ingekuja pikapu imchukue mama na vitu vyake, impeleke kwa Mama Funguo, nyuma ya shule. Kwa mtu asiyejua, hilo halikuwa jambo kubwa. Mama Funguo alikuwa mjane, ana vyumba viwili na bati linalovuja upande mmoja tu, na mwenyewe alishambembeleza mama yake mara nyingi ahamie kwake. Mama alikataa kila mara kwa maneno yale yale. Alisema akitoka pale ametoka kwake, na kwingine kote, hata kwa mtoto aliyemzaa, atakuwa amefikia.

Kwa hiyo Mama Funguo alipokwenda kumpa habari ile alijiandaa kwa kilio. Mama hakulia. Alikaa akiipangusa cherehani vumbi ambalo halikuwepo, halafu akauliza swali la ajabu: huko mbele kumepangishwa siku hiyo? Akaambiwa hapana, patupu. Akasema haya, na kesho yake akaomba afikishwe kwa fundi wa barabarani, ana shida naye.

Huyo fundi wa barabarani ni mshonaji aliyefundishwa kazi na mama huyo huyo, sasa mtu mzima mwenye kitambi na duka lake. Mama Funguo alimfikisha mama mlangoni akarudi kwenye pasi. Hakuuliza wana nini. Wazee wa ushonaji wakikutana huzungumza vitambaa mpaka usingizi ukushike.

Jioni ile Bosi akatuma ujumbe. Kuna wageni wamepatikana, wanaingia Alhamisi, mbunifu wa mavazi na mama yake. Wapewe huduma ya juu, huenda wakawaleta wengine. Na pikapu iko pale pale, itapita uchochoroni kimya kimya, na yeye Bosi atakuja nayo kusimamia kwa macho yake, maana kuna watu hawaaminiki. Mama Funguo alilisoma hilo la mwisho mara mbili, akalisonya.

Alhamisi mchana akawa getini, amevaa sare, kwenye sinia kuna juisi baridi na taulo zilizokunjwa. Teksi ikasimama. Akashuka mbunifu wa mavazi, amevaa suti inayombana, jasho linamtoka, na alikuwa ni yule fundi wa barabarani. Akazunguka upande wa pili akamfungulia mama yake mlango, na aliyeshuka alikuwa mama yake Mama Funguo, kwenye gauni la kijani alilojishonea kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Asubuhi Mama Funguo alikuwa amemwacha chumbani kule nyuma. Kumbe alitokea uchochoroni, akazunguka mtaa mzima, ili aingie kwa mlango wa mbele.

Mama Funguo alibaki ameshika sinia lake.

"Mbona hunikaribishi?" mama akamuuliza. "Hivi ndivyo mnavyopokea wageni hapa?"

Alimkaribisha. Angefanya nini? Alimpa taulo, akampa juisi, akamwongoza mpaka chumba kikubwa cha mbele, chenye dirisha la bahari. Alipopata mwanya akakimbia nyuma kuchungulia. Kitanda kipo, sanduku lipo. Pale ilipokuwa cherehani palibaki alama za miguu yake minne tu kwenye sakafu. Mama alikuwa amemuuzia fundi cherehani, na fundi badala ya kumpa pesa mkononi alimlipia nyumba siku kadhaa. Mama Funguo akakaa kwenye kile kitanda, akaanza kucheka, na katikati ya kicheko kikamgeukia kikawa kitu kingine.

Alirudi mbele amepandisha hasira. Alimuuliza mama yake amerogwa au vipi, cherehani iliyowalea aitoe kwa ajili ya kulala kwenye mito ya watu. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha veranda, miguu juu, amefungulia redio mpaka mwisho.

"Imeandikwa mwenye nyumba atanikaribisha mwenyewe," akasema. "Ulinisomea wewe. Mimi ni mgeni, nimelipiwa kihalali. Namsubiri."

Hapo ndipo Mama Funguo alipoelewa. Mama yake hakuitaka bahari wala mito. Alimtaka mwanawe, na njia zote za kumpata kama mama zilikuwa zimefungwa, akaijaribu hiyo iliyobaki. Akija tu, akamwona, akakumbuka alichoahidi kwa mdomo wake, basi chumba kimepona. Mama aliamini hivyo, na binti naye, bila kujijua, akaanza kutega sikio barabarani.

Alifurahi lakini, yule bibi, usidanganyike. Alikohoa kwa raha zake. Alikohoa verandani, akakohoa bwawani, akaenda akakohoa katikati ya sebule ili asikie mwangwi. Aliihesabu mito ya kitandani akauliza kama kichwa kinalala kwa zamu. Aliagiza chai, ikaletwa, akasema imepoa, ikarudishwa. Fundi alikuwa anashinda dukani kwake na kurudi jioni, anaingia kwa kunyata kama mwizi, amevua viatu. Na kila gari lilipopita nje, mama alipunguza redio.

Ijumaa ikaja na pikapu. Bosi alishukia uchochoroni, miwani ya jua kichwani, nyuma yake vibarua wawili wa kubeba. Akamkuta Mama Funguo amesimama mlangoni pa chumba cha nyuma, mikono kifuani. Salamu zilikuwa fupi na kavu. Bosi akachungulia ndani, akauliza mama yuko wapi.

"Yuko mbele."

Bosi akasema kwa sauti ya chini kwamba mbele kuna wageni, ana wazimu, amwondoe haraka. Mama Funguo akamjibu kwamba ndiye mgeni mwenyewe. Maneno hayo yalichukua muda kidogo kumwingia Bosi. Yalipomwingia, alivua miwani akaanza kuelekea mbele, na Mama Funguo akamkata njia penye pampu. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo siku nyingi na aliitumia yote, sina haja ya kumpamba. Alimkariria masharti yake mwenyewe, neno kwa neno, alivyokuwa akikaririshwa kwenye simu: mgeni hasumbuliwi, awe amelala au yuko macho, na hata mwenye nyumba haingii mpaka mgeni aridhie. Faragha kamili. Akamwomba pia apunguze sauti, mgeni anasikia mpaka kukohoa.

Vibarua wakageuka kutazama ukuta ili wasionekane wanacheka. Bosi alikuwa amepauka midomo.

"Unadhani hii ni vita yangu na wewe," alisema. Akatoa simu, akaibonyeza, akaiweka sauti ya nje. "Haya, msikilize ndugu yako. Mimi nimechoka kuwa mbaya peke yangu."

Simu ikaita. Ikapokelewa upesi sana kwa mtu wa vikao na safari, na sauti ya kaka mtu ikajaa pale penye pampu, haina salamu.

"Bado tu? Si nilikwambia Mama atoke kabla ya msimu? Chumba nakihitaji. Malizana naye, na kama kawaida, usiseme nimesema mimi."

Mama Funguo aligeuka kwa sababu aliona macho ya wifi yake yamehamia nyuma yake, na mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, gauni la kijani, mkono mmoja ukutani. Alikuwa amefuata kelele. Kaka mtu alikuwa anaita, haloo, haloo, mtandao wa huko vipi. Bosi akamsogezea mama mkwe wake simu. Mama hakuipokea.

"Mwambie mwenye nyumba," akasema, "mgeni wake amefika salama."

Kule upande wa pili simu ikakatwa. Mama akarudi verandani kwa mwendo wake ule ule. Baada ya hapo redio haikusikika tena.

Bosi aliwaambia vibarua waondoke na pikapu yao. Yeye alikaa kwenye kizingiti cha kile chumba, viatu vya kisigino vimezama kwenye mchanga, anatazama chini. Mama Funguo alisimama. Miaka yote ile alikuwa amemlimbikizia mwanamke huyu kila amri, ya kuku, ya kamba, ya mto, na sasa hakujua ipi ilikuwa ya nani. Aliendelea kumchukia, maana chuki ya siku nyingi haitoki kwa simu moja, na mwanamke yule alikubali kuitwa mbaya kwa sababu palikuwa na faida yake humo. Ila alikwenda jikoni, akamimina glasi ya juisi ya wageni, akaja akaiweka juu ya pampu karibu naye bila kumtazama. Bosi akainywa. Wakaachana hivyo.

Siku za mama zilizobaki zilipita kimya. Binti alimpelekea chai, haikurudishwa. Alijaribu kumchangamsha, akamwambia sasa ushindi ni wao, Bosi amefyata, pikapu haitakuja tena, atarudi chumbani kwake na mtu asimguse. Mama alikuwa anakunja vitu vyake. Alikuwa ameyatandika na matandiko ya kitanda mwenyewe, pembe zimesimama kuliko za pasi.

"Chumba kile alinipa mwanangu," akasema. "Aliyenipa amekitaka. Nikae humo kwa nani?"

Mama Funguo alimwomba akasirike basi, atukane, avunje hata glasi moja. Mama akasema glasi hazina kosa. Akaomba aitiwe teksi kama wageni wengine, na muda wa kutoka ulipofika alitokea kwa geti la mbele, mchana kweupe, fundi amebeba sanduku. Kijiji kizima kilimwona. Kitanda alikiacha.

Mama Funguo alifunga madirisha, akafunga gesi, akaifunika pampu. Akayafunga makufuli yote, na yakafunga bila kelele. Kisha akakifungua kile kishada kiunoni, akakitundika kwenye msumari wa geti kwa ndani, akalivuta geti nyuma yake. Njia nzima mpaka nyuma ya shule alihisi kiuno chake ni chepesi, na mara mbili alijishika akidhani ameangusha funguo njiani.

Siku hizi anafua na kupiga pasi nguo za hoteli moja ya upande wa pili, na bati limezibwa. Mama yake hushinda kwa fundi, kwenye cherehani ambayo si yake tena, anashona sare, anabishana na redio ya dukani. Jina la mwanawe halitaji. Bosi hupiga simu mara moja moja, anauliza hali ya mama, Mama Funguo anamjibu yupo, hajafa, kisha simu inachelewa kukatwa.

Kaka mtu alipiga mwenyewe mara moja tu, na si kwa mama. Wageni wakishaondoka mtandao huwaomba waandike nyumba waliionaje, na fundi ndiye aliyekuwa na simu, bibi akamtamkia, yeye akaandika. Maneno hayo yako pale chini ya picha ya shati jeupe na hakuna anayepanga nyumba ile bila kuyapitia: "Nyumba nzuri, safi. Mtunzaji ana adabu. Mmeandika mwenye nyumba atakukaribisha mwenyewe. Nilimsubiri siku zote, hakuja. Mimi ni mama yake."

Kaka mtu alitaka yafutwe. Alisema yanamharibia, watu wanauliza, wengine wameghairi. Mama Funguo alimwacha aseme mpaka akaishiwa, pasi mkononi, shuka ya watu mbele yake. Halafu akamwambia kwamba fundi alishaulizia, hayafutiki, lakini hapo chini pana nafasi ya mwenye nyumba kumjibu mgeni wake. Aandike chochote anachotaka, mama atasomewa.

Nafasi hiyo mpaka leo iko tupu. Mama humuuliza fundi kila asubuhi kabla hajakaa kwenye cherehani.